Barua za wasomaji kuhusu korosho na gesi: hoja zetu zinakatikia wapi?

Mleta uzi (Mtwara Mjini)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia kurasa za barua za wasomaji magazetini, hasa barua zinazogusa korosho, gesi na barabara ya kusini. Nyingi kati ya hizo zina malalamiko ya haki kabisa, lakini zimejengwa juu ya hoja ambayo afisa yeyote mwenye kalamu nzuri anaweza kuibomoa kwa aya moja. Mwandishi analalamikia jambo la kweli, anataja sababu isiyo sahihi, kisha anayemjibu anaikanusha ile sababu na kujifanya amelijibu lalamiko. Nauleta uzi huu ili tuzichambue hoja zenyewe, si vyama wala viongozi. Wenye hamu ya kunadi sera wanazo nyuzi nyingine, na hazijapata kuadimika.

Naanza na korosho kwa kuwa huko ndiko makosa yalikojaa. Kosa linaloongoza ni kudhani kwamba jambo lililotangulia ndilo lililosababisha lililofuata. Tazameni uzalishaji wa nchi nzima: msimu wa 2015/16 zilipatikana tani zipatazo 155,000; msimu wa 2016/17 zikapanda hadi 265,000 hivi; msimu wa 2017/18 zikavuka 313,000, ikawa rekodi ya wakati huo; kisha msimu wa 2018/19 zikashuka hadi karibu 225,000. Katika miaka hiyo kuna matukio mawili ambayo kila mwandishi wa barua huyavutia upande wake. La kwanza ni kugawa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, bila malipo kwa ajili ya msimu wa 2017/18. La pili ni uamuzi wa Rais John Magufuli, Novemba 2018, kwamba Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na Jeshi la Wananchi lizisombe, baada ya wakulima kuzikataa bei za minada ya mwanzo.

Anayeisifu Serikali huandika kwamba salfa ya bure ndiyo iliyoleta rekodi. Inawezekana ilisaidia, kwa maana ugonjwa wa ubwiri unga ni adui halisi wa mkorosho na salfa ni kinga yake inayojulikana. Hata hivyo, ongezeko kubwa kuliko yote, la tani 110,000 hivi, lilitokea msimu mmoja kabla ya salfa hiyo kugawiwa bure, ilhali msimu wa salfa ya bure uliongeza tani zisizofika 50,000. Anayetaka kuitetea hoja yake basi aeleze kilichoupandisha msimu wa 2016/17, na akishakieleza atuambie kwa nini hicho hicho hakikuendelea kufanya kazi mwaka uliofuata. Barua za sifa huliruka swali hili.

Anayeilaumu Serikali naye huandika kwamba ununuzi wa 2018 uliua uzalishaji, na ushahidi wake ni kule kushuka kutoka 313,000 hadi 225,000. Hili ni kosa kubwa zaidi. Mkorosho hutoa maua kuanzia katikati ya mwaka, korosho huanza kuokotwa Septemba na Oktoba, na tangazo la ununuzi lilitoka Novemba. Mavuno ya msimu ule yalikwisha kuamuliwa na mvua, magonjwa, palizi na upuliziaji miezi kadhaa kabla ya hotuba yoyote, na tukio haliwezi kusababisha jambo lililolitangulia. Mwenye kuulaumu uamuzi ule kwa haki angeitazama misimu iliyofuata, akauliza kama mkulima aliyecheleweshewa malipo alikuwa na fedha ya salfa na vibarua mwaka 2019. Hilo ni swali zito na lina majibu mashambani, lakini barua iliyokwisha kukosea mwaka haifiki huko.

Wengine wameuhusisha mjadala wa bungeni wa Juni 2018, wabunge wa kusini walipopinga kuondolewa kwa utaratibu wa kurudisha asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje kwenye maendeleo ya zao. Hapa angalau mpangilio wa wakati unaruhusu, kwa kuwa jambo lilitokea kabla ya mavuno. Lakini kuruhusiwa na kalenda bado si kuthibitishwa, na mwandishi anabaki na kazi ya kuonyesha ni pembejeo gani zilizokosekana, wapi na mwezi gani.

Lipo pia jambo linalosahaulika na pande zote mbili: mwaka uliovunja rekodi mara nyingi hufuatwa na mwaka wa chini yake hata kama hakuna aliyefanya lolote, kwa sababu rekodi yenyewe huhitaji mvua, afya ya miti na bidii ya watu vikutane kwa pamoja. Anayeanza kuhesabu kutoka kileleni atauona mteremko popote atakapogeukia. Ndiyo maana mimi huitazama kwanza tarehe ya kuanzia katika barua. Akianza 2015/16 ataona mafanikio, akianza 2017/18 ataona maafa, na zao ni lile lile.

Mchangiaji (Tandahimba)

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini naona unamdai mkulima kile usichomdai waziri. Anayeandika barua gazetini hana ofisi ya takwimu. Amepeleka korosho ghalani, ameahidiwa kulipwa baada ya siku chache, siku zimepita, na watoto wanahitaji sare za shule. Anaandika kwamba stakabadhi ghalani, yaani kukabidhi korosho ghalani kwa risiti na kungoja mnada, ni mfumo wa wizi. Wewe unamwambia kwamba mantiki yake imepinda. Barua ile ni kilio, na kilio hakipimwi kwa mizani ya mantiki.

Halafu kuna jambo la pili. Watu wanaotufundisha kufikiri mara nyingi hawana hata mkorosho mmoja. Je, si halali kuuliza ni nani anayeandika?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Tandahimba, hoja zako mbili ni nzito, nami nitazitenganisha.

Kilio nakikubali, tena nakithamini kuliko uchambuzi. Mtu akiandika kwamba alipeleka magunia kadhaa kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, akapewa stakabadhi, na hadi tarehe fulani hajalipwa, huo ni ushahidi wa aliyeona. Haudai mantiki yoyote; unadai ukweli tu. Tatizo linaanza sentensi ya mwisho ya barua hiyo hiyo inaposema kwamba kwa hiyo mfumo wote ufutwe, tuuze kwa mnunuzi yeyote atakayepita kijijini. Hapo ameacha kushuhudia na ameanza kuhitimisha, na kati ya ushahidi wake na hitimisho lake pana pengo. Malipo yanaweza kuchelewa kwa sababu ya mfumo, au mnunuzi, au benki, au viongozi wa chama cha msingi, na kila sababu ina tiba yake. Mfumo ulipoingizwa katika korosho msimu wa 2007/08, ulikusudiwa kumwondoa mkulima mikononi mwa walanguzi na kipimo chao kisicho rasmi, kangomba. Anayetaka ufutwe ana wajibu wa kueleza kitakachoizuia kangomba isirudi, kwa sababu kangomba haikuwa hadithi, na wewe unaijua kuliko mimi.

Kuhusu kuuliza nani anaandika, jibu langu linategemea kile alichokiandika. Akiwa shahidi, muulize sana: alikuwepo mnadani, ana shamba, ana deni, anagombea udiwani? Ushahidi husimama kwa uaminifu wa shahidi. Lakini akiwa ametoa hoja juu ya tarakimu zilizo wazi kwa kila mtu, kwamba anakaa Masaki ya Dar es Salaam au Mkunya ya Newala hakuongezi wala hakupunguzi kitu. Nimesoma barua nyingi zinazojibu hesabu ya mtu kwa kusema kwamba yeye si wa huku. Hesabu ikawa imebaki pale pale, haijaguswa.

Na waziri nitamdai zaidi, usiwe na shaka. Majibu ya ofisi za umma magazetini yana kosa lake la kudumu: mkulima analalamikia fedha aliyoipata mkononi, naye anajibiwa kwa bei ya mnada. Hizo ni tarakimu mbili tofauti. Kati yake kuna ushuru wa halmashauri, gharama za chama cha msingi na chama kikuu, ghala na usafirishaji. Kuna pia daraja la korosho, kwa kuwa bei inayotangazwa kwa shangwe huwa ya juu kabisa ya daraja la kwanza katika mnada mmoja, wakati aliyelalamika huenda aliuza daraja la pili mnada uliofuata. Anayejibu kwa namna hiyo hajasema uongo hata mmoja, ila hajajibu.

Mchangiaji (Lindi)

Naomba tuihamie gesi, kwa sababu makosa ya huko yaligharimu zaidi ya wino.

Wakati wa vuguvugu la Mtwara la kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, kuanzia maandamano ya Desemba 2012 hadi machafuko ya Januari na Mei 2013 ambayo watu walipoteza maisha, mjadala ulibanwa uwe na milango miwili tu. Upande mmoja ulisema gesi isitoke Mtwara, ama sivyo mkoa utabaki maskini milele. Upande wa pili ulisema gesi ni ya Watanzania wote, kwa hiyo anayehoji bomba anataka kuigawa nchi. Kila upande ulikuwa umejichagulia adui mwepesi wa kupiga. Kusema kwamba rasilimali ni ya taifa hakulijibu swali la mitambo itajengwa wapi, ajira zitakwenda kwa nani na halmashauri itapata nini. Kudai mitambo na ajira nako hakukuwa sawa na kudai uhuru wa mkoa. Matokeo yameonyesha kwamba milango haikuwa miwili: bomba la kwenda Dar es Salaam lilijengwa, na mtambo wa kusafisha gesi ukajengwa Madimba, hapo hapo Mtwara. Kama manufaa yaliyopatikana yanatosha au hayatoshi ni mjadala halali, ila ni mjadala wa kiasi, ambao kauli za ama hiki ama kile haziuruhusu hata kuanza.

Sisi wa Lindi tuna kosa letu tulilobandikwa. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, miaka minane kabla ya ile ya Mnazi Bay, Mtwara, nayo ilianza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004. Hoja ikawa kwamba watu wa Kilwa hawakuandamana, kwa hiyo watu wa Mtwara hawakuwa na sababu ya kuandamana. Angalieni kilichofichwa humo: ili hitimisho lisimame ni lazima tukubali kwanza kwamba kukaa kimya ni kuridhika, na kwamba jambo likishafanyika mara moja bila kupingwa limekuwa haki. Mwandishi haliandiki sharti hilo kwa sababu akiliandika wasomaji wataliona. Mimi nimejizoesha, nikikutana na neno "kwa hiyo" katika barua, kulitafuta sharti ambalo halikuandikwa na kuliandika pembeni kwa penseli.

Siku hizi barua zimehamia mradi wa gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika, pale Likong'o, Lindi. Makubaliano ya awali na kampuni za Equinor na Shell yalitiwa saini Juni 2022, na makadirio ya dola bilioni 42 yamekuwa yakitajwa. Nimesoma maoni yanayoitumia tarakimu hiyo kana kwamba ni fedha zitakazoteremshwa bandarini Lindi. Gharama ya mradi ni fedha zinazotumika kuujenga, na sehemu kubwa ya mitambo ya namna hiyo hutengenezwa ng'ambo. Mapato ya halmashauri hutokana na vitu vingine, kama ushuru wa huduma, ambao kisheria haufiki hata asilimia moja ya mauzo ya kampuni. Mwenye kuandika barua kuhusu Lindi itafaidikaje angeanza na ushuru huo.

Mchangiaji (Nachingwea)

Kwa ufupi tu. Msisahau kwamba mhariri hukata. Barua ya kurasa mbili inatoka aya tatu, na aya inayokatwa huwa ile ya maelezo, si ile ya hasira. Kichwa cha habari nacho si cha mwandishi. Kabla ya kumwita mtu hajui kufikiri, tukubali kwamba huenda alifikiri vizuri na nafasi ikawa ndogo.

Nitaongeza mfano wa hapa kwetu. Kila baada ya muda hutoka barua inayosema wakoloni walitujengea reli ya Mtwara hadi Nachingwea na sisi wenyewe tukaing'oa, kwa hiyo kusini kulithaminiwa zaidi na mkoloni. Reli ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951. Ilijengwa kubeba karanga ambazo hazikupatikana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaondolewa. Mtu anaweza kulaumu uamuzi wa kuiondoa, na mimi nauelewa uchungu huo, lakini kujengewa njia ya kutolea mazao hakuthibitishi kuthaminiwa.

Mchangiaji (Masasi)

Mimi ni mwalimu, na barua zinazonikera ni zile za kuhusu elimu. Matokeo ya mitihani yakishuka, wiki hiyo hiyo hutoka barua ya kulaumu jando na unyago. Sizitetei shughuli zinazomtoa mtoto darasani. Nimekwenda mwenyewe kwa wazazi na makungwi kuomba ratiba zisogezwe wakati wa likizo. Ninachohoji ni hoja. Unyago upo mwaka wa matokeo mazuri na upo mwaka wa matokeo mabaya, na jambo lililopo miaka yote haliwezi peke yake kueleza kwa nini mwaka huu ni tofauti na mwaka jana. Lazima kiwepo kilichobadilika: walimu walihamishwa, mvua iliharibu njia, watoto waliokota korosho muda mrefu zaidi, au darasa lenyewe lilikuwa na wanafunzi wengi kuliko kawaida. Unyago huchaguliwa kwa sababu mwandishi wa mbali anausikia kwa jina na unampa fursa ya kuwasema watu wa kusini bila kuonekana anawasema.

Hapo hapo linaingia kosa la kuwaweka watu wote katika kapu moja. Inatosha mtu mmoja aonekane akicheza bao saa nne asubuhi, na barua ikasema Wamakonde ni wavivu. Aliyekuwa shambani tangu alfajiri hakuonekana barabarani, na ndiyo sababu hakuhesabiwa.

Mchangiaji (Kilwa)

Na barabara je? Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika upande wetu huku, mabasi na malori yakakwama. Barua zikasema huo ni uthibitisho kwamba kusini kumetengwa. Nani atathubutu kuikanusha hiyo?

Mleta uzi

Ndugu wa Kilwa, sitaikanusha; nitasema tu kwamba kukatika kwenyewe hakuithibitishi. Msimu ule mvua zilikuwa kubwa sehemu nyingi za nchi. Desemba 2023 maporomoko ya tope yaliua watu wengi Hanang', na mafuriko ya Rufiji yaliwatoa watu majumbani. Huwezi kusema Hanang' nayo imetengwa kwa sababu tope lilifika. Maafa ya siku moja ni ushahidi dhaifu wa sera ya miaka mingi.

Lakini hoja ya kutengwa inaweza kujengwa vizuri, na inaniuma kuona inajengwa vibaya. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, miaka zaidi ya 40 baada ya uhuru, na kabla ya hapo msafiri wa kusini alitegemea kivuko. Kipande cha lami cha Ndundu hadi Somanga, cha kilomita zisizozidi 60, kilisumbua miaka mingi baada ya daraja kuwepo. Hayo yako wazi, yana tarehe, na yanaweza kulinganishwa na lini barabara kuu za kanda nyingine zilikamilika. Kwa Hidaya, mwandishi angeuliza makalavati yaliyosombwa yalijengwa kwa kukadiria maji kiasi gani, na kama sehemu hizo hizo zilikwisha kuonyesha udhaifu katika mvua zilizotangulia. Maswali hayo yakiulizwa gazetini, anayejibu hawezi kusema ni kudra ya Mungu akaondoka.

Mwalimu wa Masasi, nakubaliana nawe katika yote isipokuwa moja. Umesema unyago huchaguliwa na mwandishi ili awaseme watu wa kusini. Huenda ni kweli kwa baadhi, lakini hiyo ni nia yake, nayo haikanushi hoja yake. Umekwisha kuikanusha kwa sababu nzuri zaidi sentensi mbili kabla.

Mchangiaji (Masasi)

Nimekubali kwa nusu. Hoja imekufa kwa sababu ile ya kwanza, sawa. Ila msomaji ana haki ya kujua kwa nini hoja iliyokufa inazikuliwa kila mwaka.

Mchangiaji (Tandahimba)

Nimewasoma wote. Bado nasema mkulima asinyamazishwe kwa kisingizio cha mantiki, kwa maana nimeona ofisini neno "ushahidi" likitumika kumfukuza mtu mlangoni. Ila hili la bei ya mnada na fedha ya mkononi limenigusa, kwa sababu hata sisi huku tumekuwa tukibishana vijiweni mmoja akitaja hii na mwingine ile.

Napendekeza tuandike barua moja ya pamoja, fupi, ili mhariri asipate cha kukata. Kila mmoja alete stakabadhi yake ya msimu uliopita na karatasi ya malipo, tufute majina na namba, tuorodheshe daraja, tarehe ya mnada, bei iliyotangazwa, makato yote na kilichoingia benki. Mwishoni tusiweke "kwa hiyo". Tuulize tu kila kato limewekwa na nani na kwa uamuzi wa kikao gani. Wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, waanze; wa MAMCU, cha Masasi na Mtwara, na wa upande wa Lindi wafuate. Mwalimu, utatusaidia kupanga jedwali?

Mchangiaji (Masasi)

Nitalipanga. Leteni na za daraja la pili, msizifiche.